Kabla ya kusema umekosea fani, chunguza kwanza kama kinachokuumiza ni kazi yenyewe, kituo, majukumu au mshahara

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kuna swali ambalo vijana walioajiriwa miaka miwili au mitatu iliyopita huliuliza mara kwa mara, nalo huja karibu kwa maneno yale yale: nimesoma, nimepata kazi, wazazi wamefurahi, lakini kila Jumapili jioni moyo unakuwa mzito nikikumbuka kwamba kesho ni Jumatatu, je, niache? Majibu wanayopewa hugawanyika pande mbili. Upande mmoja humwambia kijana afuate moyo wake kwa kuwa maisha ni mafupi. Upande wa pili humwambia ashukuru, kwa kuwa wapo wengi wanaotuma maombi Sekretarieti ya Ajira na hawajawahi kuitwa hata kwenye usaili. Pande zote mbili zinajibu kabla ya kuuliza chochote, na ndiyo maana nimeona niandike uzi huu kwa urefu.

Nimefanya kazi ya utumishi kwa muda mrefu, kwanza katika halmashauri na baadaye katika kampuni binafsi, na nimekaa na watu wengi waliokuja ofisini wakiwa tayari wameandika barua ya kuacha kazi. Jambo ninalotaka kulieleza ni hili: mtu anaposema kwamba hana furaha na kazi yake, mara nyingi amechanganya mambo manne yaliyo tofauti kabisa, yaani fani aliyoisomea, kituo alichopangiwa pamoja na watu anaofanya nao kazi, majukumu anayoyatekeleza saa kwa saa, na kipato. Yote manne yanaweza kumfanya mtu aamke akiwa hana hamu ya kwenda kazini, lakini kila moja lina njia yake ya kulitatua, na anayetumia njia ya moja kutatua jingine hupoteza miaka.

Nianze na fani, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa kwanza. Wengi wetu hatukuchagua fani kwa maana halisi ya neno kuchagua. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka, aliyefaulu sayansi akapelekwa michepuo ya sayansi kama PCB au PCM kwa sababu "amefaulu", aliyebaki akapangiwa michepuo ya sanaa kama HKL au HGL, na baada ya kidato cha sita pointi zikaamua chuo na kozi. Aliyeikosa shahada ya udaktari aliambiwa achukue ualimu wa sayansi, hasa kwa kuwa kozi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizopewa kipaumbele na Bodi ya Mikopo, na katika familia isiyo na ada, kupata mkopo ndiyo hoja inayomaliza mjadala wote. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuongeza tahasusi, yaani michepuo ya masomo, za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65, na mimi naliona hilo kuwa jambo jema. Hata hivyo, wingi wa tahasusi haumsaidii mtoto ambaye hajui watu wa kazi fulani hufanya nini wanapofika kazini asubuhi.

Hapo ndipo penye pengo kubwa. Mwaka 1908 Mmarekani Frank Parsons alifungua mjini Boston ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi, na msingi aliouweka haujapitwa na wakati hadi leo: kijana aijue nafsi yake, aijue kazi anayoitaka pamoja na masharti yake, kisha apime kwa akili kama viwili hivyo vinaendana. Sisi tunajitahidi katika jambo la kwanza, tunamuuliza mtoto anapenda nini, lakini katika jambo la pili tunamwacha gizani. Mtoto anayesema anataka kuwa daktari amemwona daktari akiwa mgonjwa tu, na anayetaka kuwa wakili amewaona mawakili kwenye tamthilia.

Ukweli ni kwamba jina la kazi halifanani na siku ya kazi. Mhasibu wa kampuni ya kawaida anaishi kwa tarehe: tarehe 7 kodi ya mishahara ya mwezi uliopita iwe imelipwa, tarehe 20 ritani ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) iwe imewasilishwa, na katikati yake kuna usuluhisho wa akaunti za benki, risiti zilizopotea, na wenzake wanaorejesha hesabu za masurufu, yaani fedha walizopewa kwa ajili ya safari au shughuli za kazi, bila viambatisho. Anayeipenda hesabu ya darasani lakini hana subira ya kumfuatilia dereva kwa ajili ya risiti ya mafuta atateseka katika kazi hiyo, hata kama cheti chake kina daraja la kwanza. Wakili wa kujitegemea hutumia sehemu ndogo sana ya wiki yake akitoa hoja mbele ya jaji. Muda mwingi huandika mikataba na viapo, hufuatilia majalada, na husubiri kesi ambayo itaahirishwa. Mwalimu ana darasa, lakini pia ana azimio la kazi, andalio la somo, zamu, madaftari ya kusahihisha kutoka mikondo yenye wanafunzi wengi, na vikao. Kwa hiyo, swali la kujiuliza si kama unaipenda sheria au uhasibu. Jiulize kama unaweza kuishi na shughuli hizo ndogo ndogo zinazojaza siku, kwa sababu hizo ndizo utakazozifanya kwa miaka 30.

Sasa nieleze tofauti ya fani na kituo kwa mfano wa aina niliyokutana nayo mara nyingi. Mwalimu kijana anakuja akisema kwamba ualimu umemshinda na anataka kwenda kusomea jambo jingine. Ukimuuliza ni saa gani katika siku yake anajisikia vizuri, anajibu bila kufikiri kwamba ni akiwa darasani. Ukimuuliza ni saa gani mbaya zaidi, anataja nyumba aliyopanga mbali na shule, maji, mume aliyebaki mkoa mwingine, na mkuu wa shule anayemsema mbele ya wanafunzi. Huyu hakukosea fani hata kidogo. Kinachomuumiza ni kituo, na utatuzi wake ni uhamisho au kubadilishana vituo na mwenzake wa somo lile lile. Utaratibu huo unachosha, nakubali, lakini ni mwepesi kuliko kuanza shahada mpya. Akiacha ualimu kwa sababu ya mkuu mmoja wa shule, atakuwa amemwachia mtu huyo jambo kubwa mno.

Upande wa pili yupo anayehama kila mara bila kupona. Mhasibu wa mfano wangu alibadilisha kampuni, kila mara kwa mshahara mnono zaidi, na kila baada ya miezi michache alirudia malalamiko yale yale: anachoka kabla ya saa sita, anaahirisha kazi, anapata makosa madogo ambayo si ya mtu wa uwezo wake. Tulipoorodhesha shughuli za wiki yake na kuweka alama zile zilizompa nguvu, zote zilihusu watu: kumweleza mteja masharti, kumsikiliza mfanyabiashara aliyekwama, kwenda kuona duka lilivyo. Alihamia kitengo cha mikopo katika taasisi ile ile, akawa anasoma mizania za wateja badala ya kuziandaa. Elimu yake ya uhasibu haikupotea, na hakulazimika kuomba ajira upya. Kilichobadilika ni majukumu tu.

Nimesisitiza jambo hili la shughuli za wiki kwa sababu ni kipimo ninachokiamini kuliko majaribio ya haiba yanayozunguka mtandaoni. Chukua daftari, na kwa wiki nne za kawaida andika kila jioni ulifanya nini hasa, si cheo chako kinasema nini, kisha andika ni shughuli ipi ilikufanya usahau saa na ipi ilikufanya uitazame saa. Ziwe wiki za kawaida, zisiwe za kufunga hesabu za mwaka wala za mitihani. Mwishoni utaona kama tatizo limeenea katika kazi yote au limejikusanya mahali pamoja.

Kuhusu kipato, nitasema wazi, kwa sababu mafundisho mengi ya furaha kazini yameandikwa na watu ambao kodi ya nyumba haiwasumbui. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani, na hoja yao kuu ilikuwa kwamba mambo yanayomchukiza mtu kazini si kinyume cha moja kwa moja cha mambo yanayomfurahisha. Mshahara duni, usimamizi mbaya na mazingira magumu huleta chuki. Vikirekebishwa, chuki hupungua, lakini furaha hailetwi navyo, bali huletwa na kazi yenyewe, kupata mafanikio, kutambuliwa na kupewa wajibu. Wataalamu waliofuata wameukosoa utafiti huo kwa njia mbalimbali, lakini mgawanyo wake unanisaidia hadi leo. Anayelipwa kiasi kisichotosha nauli, chakula na ada za wadogo zake hapaswi kuhubiriwa kuhusu maana ya kazi. Huyo anahitaji kipato kwanza, na ana haki ya kukitafuta bila kuona aibu. Lakini aliyekwisha kuvuka hapo na bado hana raha asitarajie kwamba nyongeza ya mshahara itafanya kile ambacho nyongeza mbili zilizopita hazikukifanya.

Lipo jambo jingine linalofanana sana na kukosea fani, nalo ni uchovu uliopita kiasi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliufafanua uchovu wa kazini katika mwongozo wake wa kimataifa wa uainishaji wa magonjwa, likisema kwamba si ugonjwa bali ni hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na likataja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa mawazo au kuichukia, na kuona kwamba ufanisi umeshuka. Angalieni sura ya pili. Muuguzi aliyepangwa zamu za usiku mfululizo katika wodi yenye upungufu wa watumishi ataanza kuwachukia wagonjwa, kisha atahitimisha kwamba hakuumbwa kuwa muuguzi, ilhali miaka mitano nyuma hakuna kazi nyingine aliyoitamani. Uamuzi mkubwa haufai kufanywa katika hali hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya mwaka ya siku 28, nami nawaomba mwitumie kupumzika kweli. Likizo iliyoishia kwenye msiba, harusi mbili na kusimamia ujenzi si mapumziko, hata kama fomu inasema ulikuwa likizo. Hamu ya kazi ikirudi baada ya kupumzika, ujue fani yako haina kosa na kwamba mzigo ndio unaopaswa kujadiliwa na msimamizi.

Kwa wale ambao hawajafikisha miaka mitatu kazini, ninaomba subira ya aina moja mahususi. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, wametumia miongo kadhaa kueleza kwamba mtu hustawi pale anapopata mambo matatu: uhuru wa kuamua jinsi ya kufanya jambo, hisia kwamba analiweza, na uhusiano mwema na watu wanaomzunguka. Mgeni kazini hukosa yote matatu kwa pamoja. Hajapewa uhuru kwa sababu hajaaminika, hajaliweza jambo kwa sababu ndiyo kwanza analianza, na hajawazoea watu. Kwa hiyo, kutokuwa na raha katika mwaka wa kwanza hakuthibitishi chochote kuhusu fani. Jambo la kuangalia ni mwelekeo: je, uhuru na umahiri vinaongezeka, hata kwa pole pole? Kama mwaka wa tatu umekwisha na bado unaagizwa kila hatua kama siku ya kwanza, hapo una sababu ya kutafuta mahali pengine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton unaongeza jambo ambalo vijana wangepaswa kulisikia mapema. Walilinganisha watu wanaoamini kwamba mapenzi ya jambo yapo tayari ndani ya mtu na yanasubiri kugunduliwa, na watu wanaoamini kwamba mapenzi ya jambo hukuzwa. Kundi la kwanza lilipoonjeshwa somo jipya, likavutiwa, kisha likakutana na ugumu, mvuto wao ulishuka zaidi kuliko wa kundi la pili. Nimeona hivyo hivyo kazini: aliyefundishwa kwamba kazi yake sahihi itajitambulisha yenyewe kwa furaha ya papo hapo huikimbia kila anapofika kwenye sehemu ngumu, na sehemu ngumu ipo katika kila kazi.

NYONGEZA BAADA YA KUSOMA MASWALI

Nashukuru kwa michango. Ndugu aliyeuliza kama kuna njia ya kuipenda kazi bila kuhama, jibu langu ni kwamba ipo, lakini ina mipaka. Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika kuhusu watu wanaoitengeneza upya kazi yao wakiwa ndani yake, na mfano wao unaojulikana zaidi ni wa wafanyakazi wa usafi katika hospitali moja ya Marekani. Baadhi yao waliieleza kazi yao kuwa ni kufagia na kupiga deki tu. Wengine, wenye majukumu yale yale kwenye karatasi, walikuwa wakizungumza na wagonjwa na kuwaelekeza wageni, wakajiona kuwa sehemu ya uponyaji. Mtumishi wa masjala, karani au mlinzi anaweza kufanya hivyo leo bila barua ya mtu yeyote. Hata hivyo, nalisema hili kwa msimamizi yeyote anayesoma: utafiti huu si ruhusa ya kumwongezea mtu kazi bila malipo na kumwambia atafute maana ndani yake.

Dada aliyesema kwamba ameamua kuondoka na anauliza aanzie wapi, naomba asiandike barua wiki hii. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, sheria niliyoitaja inataka taarifa isiyopungua siku 28 pale ajira inapokuwa imepita mwezi wa kwanza, na mkataba wake unaweza kudai muda mrefu zaidi. Mtumishi wa umma afuate pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, na Zanzibar ina sheria yake. Kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, hadi miaka kumi, kinamhusu aliyeachishwa na mwajiri, wala asikihesabu anayejiuzulu. Fao la kukosa ajira la NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, nalo halimhusu aliyeacha kwa hiari. Pensheni ya kila mwezi kwa kawaida inahitaji michango ya miezi 180, kwa hiyo aliyechangia miaka 13 au 14 aupige hesabu muda uliobaki na aende ofisi ya mfuko wake kuuliza kwa maandishi michango yake itakuwaje. Anayedaiwa na Bodi ya Mikopo akumbuke kwamba makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yanakoma kukatwa pale mshahara unapokoma, lakini deni linabaki.

Mtumishi wa umma ana njia moja ambayo watu huisahau, nayo ni kubadilishwa kada. Mwalimu aliyejiendeleza katika rasilimali watu, maendeleo ya jamii au teknolojia ya habari anaweza kuomba kuhamia kada hiyo bila kutoka katika utumishi, ikiwa ana sifa za muundo wa kada mpya na ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, inaruhusu. Aulize mapema ataanzia ngazi gani, kwa kuwa wapo waliofurahia barua kisha wakasikitika walipoona cheo.

Kabla ya yote hayo, kazi mpya ijaribiwe. Mtafute mtu mwenye zaidi ya miaka mitano katika kazi unayoitamani, umwombe akueleze Jumanne yake iliyopita tangu alipofika kazini hadi alipotoka, na usiridhike na maelezo ya jumla. Jitolee mwishoni mwa wiki. Anayetamani ushonaji, umeme au upishi achukue kozi fupi ya ufundi stadi ya VETA jioni huku mshahara ukiendelea kuingia. Kozi ya miezi michache itamwonyesha kama anaipenda shughuli au anaipenda picha yake.

Mwisho, kwa aliyeuliza atamwambiaje baba yake aliyeuza shamba ili yeye asome uhandisi. Hili ni zito, na wanaosema "maisha ni yako" hawakulielewa. Katika familia zetu ajira ya mmoja ni ada ya wadogo, dawa za bibi na heshima ya wazazi mbele ya majirani, kwa hiyo mabadiliko yako yanawahusu kweli. Usimpelekee mzee hisia peke yake. Mpelekee mpango: akiba uliyonayo inatosha miezi mingapi, wadogo watasomeshwa na nani katika kipindi hicho, kazi mpya inalipa nini na lini. Ukiona ni vigumu kuanza, mpitie mama, au baba mdogo anayesikilizwa, kwa sababu wazee wengi hukubali jambo walilopewa muda wa kulitafakari na hukataa lile walilotangaziwa. Na umweleze kwamba uhandisi aliokulipia bado unautumia, kama ndivyo ilivyo. Mara nyingi ndivyo ilivyo.

Nina ombi kwa wasomaji wenye uzoefu. Vijana wa kidato cha nne wanapita humu wakitafuta maelezo ya kazi, na wanachokipata zaidi ni viwango vya mishahara. Wapima ardhi, wakunga, mabaharia, maofisa ugani, mafundi wa majokofu, madereva wa magari ya kwenda Lubumbashi na wengineo, naomba kila mmoja aandike hapa chini siku yake moja ya kawaida, tangu anapoamka hadi anapolala, pamoja na ile sehemu ya kazi yake inayochosha ambayo hakuna aliyemwambia kabla ya kuianza.